Koili za Baba

Alhamisi, 3 Aprili

Masika yameingia rasmi. Mtaa wa Aggrey leo ulikuwa mfereji tangu asubuhi, na watu walijibanza kwenye baraza la duka wakijifanya wanatazama bidhaa. Mteja wa kweli sikupata hata mmoja, ndiyo maana nimepata muda wa kuandika. Sababu ya pili ni kwamba nina jambo linanikereketa na sina wa kumwambia. Mama nikimwambia atalia. Mdogo wangu Mudi atanicheka. Bhargav, mwenye duka ambalo meza yangu imekaa mbele yake, atasema dada Husna unapenda kujitafutia presha.

Jambo lenyewe ni kifua cha baba.

Baba, Mzee Mwinyimvua, alivuta sigara tangu ujana wake kwenye karakana za reli hapa Gerezani hadi anastaafu. Mwaka jana daktari alimwambia aache au ajiandae. Mimi kazi yangu ni kutengeneza sigara za umeme, hizi ambazo mjini wote tunaziita vepu, basi nikamletea moja nzuri. Nikamwambia, Ramadhani hii ndiyo nafasi yako, ukishafuturu vuta hii, sigara uipe kisogo. Akaacha kweli. Shangazi Nasma, dada yake, alinisifu mbele za watu, na shangazi si mtu wa kusifu.

Sasa tangu Idi baba anakohoa.

Leo nimembadilishia koili, maana ya zamani ilishaanza kumpa ladha ya kuungua. Koili ni waya mdogo uliozungushwa ndani ya pamba. Pamba inanyonya ile fleva ya maji, waya unaipasha moto, ndipo unatoka moshi. Nimedondoshea fleva kwenye vitundu vya pamba, nikafuta mpira unaozuia kuvuja, nikajaza tangi, nikamwambia asiiguse kwanza mpaka pamba ishibe. Ukivuta pamba ikiwa kavu inaungua papo hapo na koili imekufa. Kwa uvutaji wa baba itafika wiki mbili bila shida.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Baba alikohoa wakati wa kula, akasema ni pilipili. Chakula hakikuwa na pilipili.

Jumanne, 8 Aprili

Koili imekufa. Haijamaliza hata wiki. Nilipoifungua, pamba ilikuwa nyeusi tii na waya umegandwa na kitu kizito kama ukoko. Nilimgombeza baba, nikamwambia unavuta mfululizo kama unafukuzwa. Hakubisha, alitabasamu tu, na mimi nikaona haya kumgombeza mtu mzima. Nimeweka nyingine na kupunguza nguvu ya moto.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimemkuta mama anaifuta vepu ya baba kwa ncha ya kanga yake, kisha akampelekea mwenyewe kibarazani. Mama yangu, Bi Sitara, ambaye hajawahi kugusa hata kiberiti cha mumewe. Enzi za sigara, baba akiwasha tu mama anahamia uani, na siku nyingine analala bila kumsemesha. Nilipomtania kwamba naye sasa mvutaji, akasema mumewe ni mumewe. Angalau kuna mmoja nyumbani amelainika.

Ijumaa, 11 Aprili

Koili ya pili imekufa vilevile, ukoko uleule. Baba amerudi kutoka msikitini akasimama njiani mara mbili kupumzika. Msikiti uko mtaa wa pili tu.

Naogopa. Nimeandika neno hilo na limenitisha zaidi lilipokaa kwenye karatasi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimegombana na Bhargav. Nilikuwa nimekaa na jambo hili siku tatu, na kila nikilipindua linaniangukia palepale: fleva ya minti anayotumia baba ninaichukua dukani kwake. Wateja wengine hawalalamiki, lakini hofu haihesabu wateja. Nilimwambia mbele za watu kwamba anauza feki na atamuua baba yangu.

Bhargav hakupandisha sauti. Alichukua chupa ileile niliyomjazia baba, akajaza vepu yake, akavuta pale kaunta mchana kutwa bila kunisemesha, akihudumia watu. Jioni akaniambia kwamba baba yake mwenyewe, mzee Ghanshyam, anatumia hiyo hiyo, na kama nataka niende nikamsikilize kifua. Nilifunga meza nikaondoka. Radhi sikuomba. Nilijua ninapaswa, ila mdomo ulikataa.

Alhamisi, 17 Aprili

Koili nyingine imekufa. Zamani nilikuwa nikisikia baba anaita "Husna, njoo uone kidude chako," nacheka. Sasa nikimsikia naenda nikiburuta miguu.

Kama si fleva, basi kuna mtu anatia kitu. Nikamfikiria Mudi. Anauza viatu vya mitumba Mchikichini na marafiki zake wengine siwapendi, macho yao mekundu tangu saa tatu asubuhi. Nikasema huyu anaiazima vepu ya mzee na kuwekea bangi ya maji. Nikaingia chumbani kwake kupekua begi, naye akatokea mlangoni. Hakunicheka kama nilivyodhani. Aliuliza kama ndivyo ninavyomwona siku zote, kisha akalimwaga begi lote kitandani: soksi, brashi ya viatu, chaja, kofia ya kuswalia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua usiku kucha na kutwa. Ukuta wa chumba cha baba umevimba maji. Nimemwomba apumzishe vepu siku chache. Mama akadakia kwamba asiache, atarudia sigara, na hivi sasa ndiyo inaanza kumfaa. Nimeshangaa mama kuitetea.

Baba amepungua shingo.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nilijua mtu akipata hofu ya kweli hapigi kelele.

Mudi alinipigia simu kabla ya adhuhuri. Alisema neno moja tu, "Njoo," nikaiacha meza wazi, koili na bisibisi vimetapakaa. Niliondoka nikikanyaga maji hadi kwenye vigimbi. Nilimkuta baba ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Alikuwa akijaribu kunijibu salamu. Nilisema shikamoo kwa mazoea tu, naye kwa mazoea akataka kuitikia marahaba, na neno likamkatikia kooni. Nikamwambia usijibu, baba, tafadhali usijibu.

Mtaa wetu ulikuwa umejaa maji, hakuna bajaji iliyokubali kuingia. Mudi akamweka mzee mgongoni, mimi nikashika mwavuli ambao haukusaidia kitu, mama akafuata na mfuko wa nguo, tukatembea hivyo mpaka barabara ya Msimbazi. Watu walitupisha. Nilisikia pumzi ya baba ikifanya mlio mwembamba, na mlio ukinyamaza nilikuwa nagusa mguu wake kuona kama bado anaukaza.

Hospitali wamempa oksijeni. Daktari wa wodi ni msichana wa Kihindi, Dokta Janki, mpole lakini hapotezi maneno. Alituonyesha picha ya mapafu: pande zote mbili zimetanda weupe mahali ambapo panatakiwa kuwa peusi. Akamwuliza baba anavuta nini. Baba akainua barakoa kidogo akasema, "Vepu. Minti tu." Daktari akaniuliza mimi. Nami nikasema minti tu, ninaijaza mwenyewe.

Alhamisi, 24 Aprili

Vipimo vya kifua kikuu havionyeshi kitu. Dawa za vijidudu hazimsogezi. Dokta Janki ameuliza tena, mara ya tatu sasa, kama kuna kitu kingine kinachoingia kwenye ile vepu. Alisema mapafu haya yana hasira na kitu, na bila kukijua anatibu gizani. Baba akatikisa kichwa. Mama alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, anasoma dua kimyakimya.

Daktari anataka niilete vepu yenyewe.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, maduka mengi yamefungwa. Nilibaki nyumbani asubuhi kuiandaa vepu niipeleke. Nilikaa mezani kama niko kazini. Nikatoa koili, nikaitenga. Tangini yalibaki maji kidogo. Nilipoliinamisha tangi, tone moja likaangukia kwenye glasi ya maji ya kunywa iliyokuwa pembeni.

Fleva ikianguka kwenye maji inazama na kupotea, kama sharubati nzito. Nimeosha matangi mengi kiasi cha kujua hilo nikiwa nimefumba macho. Hili halikupotea. Lilibaki juu, duara la manjano linang'aa, kama yale yanayoelea juu ya mchuzi. Nikamimina yote yaliyobaki. Maduara yakajaa glasi.

Mafuta. Baba yangu alikuwa anavuta mafuta.

Nikainusa ile glasi. Minti ilikwishazimuliwa na maji, na chini yake nikaipata harufu ninayoijua kuliko hata ya nguo zangu. Kwetu mafuta ya habasoda yanatibu mafua, tumbo, goti, nywele na jicho la hasidi. Nikasimama, nikaenda jikoni. Nakumbuka nilikuwa naomba njiani, hatua zile chache, niikute chupa imejaa.

Mama alikuwa anakoroga uji wa kumpelekea baba. Chupa ya habasoda ilikuwa kabatini, imebaki kidogo chini. Nikamwuliza nani anaitumia.

"Ya baba yako hiyo," alisema, hakuacha kukoroga. "Namtilia kwenye kile kidude chenu. Matone tu, alfajiri akiwa msikitini. Naisomea kwanza."

Nilimwuliza tangu lini. Tangu Idi, kikohozi kilipoanza. Na kikohozi kilipozidi akawa anaongeza. Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayemfundisha mtoto kupika, kwamba mimi mwenyewe nilimwambia kile kidude kinapeleka kitu kifuani moja kwa moja. Basi akaona dawa ya kifua iende kifuani. Kuinywa tu inapita tumboni, inachelewa.

Nilimshika mkono wenye mwiko. Nikamwambia mama, mafuta yakinywewa ni dawa, lakini pafu si tumbo, halina pa kuyapeleka mafuta, yanakaa humo humo na kuunguza. Nilitaka niseme taratibu, lakini sauti ilitoka na makali yote ya wiki hizi. Mama akaketi juu ya mbuzi ya kukunia, palepale kwenye machicha ya nazi. Uji ukaanza kushika moto chini, hakuna aliyeinuka kuutoa.

"Nimemuua," alisema.

Kisha akasema jina la shangazi. Shangazi Nasma hajampenda mama tangu siku ya harusi. Kila baba akiumwa hata kichwa, shangazi anauliza amekula nini na nani kampikia. Hili likimfikia atalitangaza Kariakoo nzima: Sitara kamlisha mumewe sumu. Mama hakuniomba nifiche. Ninaliandika hilo kwa sababu ni kweli, hakuniomba.

Tulipofika wodini shangazi alikuwa pale, ameshika mguu wa baba. Dokta Janki alikuja. Nilimwonyesha chupa na koili, nikamweleza habari ya glasi. Akauliza nani aliyatia mafuta. Nikamwona mama anafungua mdomo, uso umemsinyaa kama wa mgonjwa mwenyewe, na mimi nikawahi.

"Mimi," nilisema. "Nilidhani yatamsaidia."

Daktari hakunifokea. Aliuliza mafuta gani, tangu lini, kiasi gani, na kila jibu nilimtazama mama kwanza. Akaandika, akabadilisha dawa, akasema sasa angalau anajua anapambana na nini. Alisema ahadi hawezi kutoa. Baba alikuwa macho muda wote ule. Niliposema "mimi," alinitazama, kisha akageukia ukutani.

Jumapili, 27 Aprili

Shangazi ameniita muuaji kwenye ngazi za hospitali. Anasema nimeachika, sina pa kwenda, ninaitaka nyumba ya kaka yake. Nilikuwa na majibu matano mdomoni na nikayameza yote.

Jumatano, 30 Aprili

Walituita wote leo. Oksijeni yake ilishuka tangu asubuhi na wakawa wanajadili mashine ya kumpumulia. Tulisimama nje ya pazia: mimi, mama, Mudi, shangazi. Mvua ilipiga mabati kiasi cha kutosikia kinachosemwa ndani, na sijui kama hilo lilikuwa bora au baya. Nilijikuta ninavuta pumzi ndefu na kuishikilia, eti nimsaidie. Nilimwangalia mama nikamchukia kidogo. Kisha nikajiangalia mikono, mikono iliyoleta kile kidude nyumbani, nikajichukia zaidi. Mama alikuwa ameitafuna ncha ya kanga yake mpaka imechanika.

Alasiri Dokta Janki akatoka akasema dawa imeanza kushika, mashine wameiweka pembeni kwanza. Alisema "kwanza," na neno hilo nimerudi nalo nyumbani.

Ijumaa, 2 Mei

Hajazidiwa.

Jumapili, 4 Mei

Amekula uji. Wa mama.

Jumatatu, 5 Mei

Nimefungua meza. Nimemwomba Bhargav radhi. Akasema yamepita, akaniuliza hali ya mzee, na alinunua chai mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, wema wake ukaniliza mbele ya wateja.

Mtu mmoja akaniletea vepu yake imekufa koili. Sikuweza kuifungua mpaka nimemhoji kama polisi. Kila tangi sasa ninalitupia tone kwenye maji kwanza.

Ijumaa, 9 Mei

Baba anakaa kitini. Oksijeni anatumia usiku tu. Lakini hanitazami. Nikimpa maji anapokea akitazama dirisha. Niliogopa atakufa, sasa naogopa ataishi hivi, akiamini mwanawe alimtilia kitu kwa siri. Nilipojitwisha lile neno sikuwa nimefikiria kwamba na yeye atalisikia.

Mama anaona yote haya, na bado amenyamaza. Sijui nani kati yetu anaumia zaidi, na kwa kweli leo sijali.

Jumapili, 18 Mei

Baba amerudi nyumbani. Mvua zimeanza kukatika, jua limetoka kutwa, na Mudi ametoa godoro la mzee kulianika. Daktari alisema sehemu ya mapafu haitarudi. Sigara marufuku, vepu marufuku, moshi wa aina yoyote marufuku, hata udi.

Tuliketi sebuleni sote baada ya alasiri. Nikaleta chai, nikamwekea baba kikombe chake. Shangazi akakisogeza mbali na yeye, akasema kaka asinywe kilichopita mkononi mwangu, safari hii tusije tukamzika. Baba alitazama sakafu. Mimi nikainuka niondoke, maana nilihisi nikibaki nitasema.

"Kaa, Husna," mama alisema. "Nasma, niliyatia mimi. Mtoto alinifichia. Niliyatia mimi kila alfajiri, kwa mkono huu."

Alikuwa ameunyoosha mkono mbele yake. Mudi aliacha kutafuna. Shangazi akavuta pumzi, na niliyaona maneno yote aliyoyaweka akiba tangu harusi yakimpanda shingoni. Baba ndiye aliyemkatiza.

"Nilijua," alisema.

Sasa pumzi yake ni fupi, anasema maneno machache kisha anangoja. Tukangoja naye. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, habasoda hawezi kuikosa, ameinywa humu ndani tangu aoe. Akasema hakuweza kunitazama usoni kwa sababu nilibeba uongo ambao ulikuwa wake. Shangazi akamwuliza kwa hasira kwa nini basi alimwambia daktari ni minti, mtu yuko ukingoni mwa kaburi anasema minti.

Baba alimtazama mama, si shangazi.

"Miaka yote nikishika moto anahamia uani," alisema. "Safari hii kidude alikishika mwenyewe. Akakifuta kwa kanga yake, akaniletea. Ningemwambiaje sitaki?"

Mama alijifunika uso. Baba akakivuta kikombe nilichokileta, akanywa, akaniomba niongeze sukari.

Nimekuja kuandika uani. Nilidhani siku ukweli utakapojulikana nitafurahi, na mwanzoni nilifurahi kweli. Lakini picha moja haitoki. Ni baba kibarazani mwezi uliopita, mvua inanyesha, anavuta ile vepu, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, anamtazama mama aliyesimama mlangoni, kisha anavuta tena.